Majina Kumi na Moja

Nilitoka Wajir asubuhi moja kwa sababu lori lilikuwa limesimama. Sina sababu nyingine ya kuwapa. Nilikuwa nimetumwa sokoni kuleta majani ya chai, na pale kwenye mnada wa mifugo nikakuta lori la mbuzi linaunguruma, dereva anatafuna mswaki, mkono mmoja nje ya dirisha. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Garissa," akasema. "Panda, au ondoka kwenye tairi." Nikapanda juu ya vyuma pamoja na wachungaji wawili, kandambili miguuni na shati moja mwilini. Majani ya chai sikuyanunua. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la sita sikuwahi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshapakua chumvi, nimeshachimba vyoo, nimeshakaanga sambusa Moyale, na kila nilikopita niliuliza maswali mpaka watu wakachoka. Waliniita Wareeg, yaani yule anayezunguka, na wengi hawakujua kuwa nina jina jingine. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na njia nzima wachungaji wale walizungumza habari ya kadi. Nani amepata, nani amenyimwa, nani amepata halafu akanyang'anywa.

Mwezi jana tulimzika Bishar, aliyenipa kazi nilipoteremka kwenye lori lile, ndiyo maana ninaandika. Baada ya maziko tulikaa nyumbani kwake Garissa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, wali na mbuzi vimeshaliwa, wazee wanabishana kwa sauti ya chini juu ya bei ya ngamia kama ilivyo kawaida ya matanga yote. Nilitoka uani kutafuta upepo, nikamkuta binti yake wa mwisho, Ifrah, anaosha chupa za chai, simu yake ameiegemeza kwenye ndoo. Kwenye simu kulikuwa na mtu anayezungumza. Uso wake ulikuwa kivuli kitupu na sauti yake kama inatoka ndani ya pipa. Alikuwa akieleza jinsi alivyokwenda kuomba kitambulisho mara ya nne, na jinsi alivyoambiwa alete karatasi za babu yake, wakati kijana wa kabila jingine aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni hakuulizwa chochote.

"Ni nani huyu?" nikauliza.

"Hatumtaji, adeer," akasema, akiniita ami kwa lugha yetu. "Uso tumeuziba, sauti tumeikoroga. Watu wanashea tu, wanajua ni mmoja wetu."

"Na mnaaminiwa?"

Akacheka kidogo, macho bado mekundu kwa kumlilia baba yake. "Wengine wanatutukana. Wanasema huyo ni mwigizaji, mbona hasemi ni mtoto wa nani."

Nikamwambia kwamba hapo hapo ndipo mimi na baba yake tulipokosea, na akanitazama asielewe. Bishar hakuwahi kumwambia. Kwa miaka yote ile hakuwaambia watoto wake hata neno moja, na sasa aliyebaki wa kusema ni mimi.

Duka la Bishar lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, mlango wa mabati, ndani giza la kupendeza na harufu ya ubani uliochomwa kufukuza harufu ya ngozi za mbuzi za jirani. Juu ya meza palikuwa na redio mbili kubwa za kaseti, betri ya gari chini yake, na ukutani kaseti zimepangwa hadi kwenye dari: nyimbo za harusi, mawaidha, mashairi ya washairi waliokufa na waliokuwa wakigombana bado. Lakini kazi iliyomlisha Bishar ilikuwa barua. Aliyekuwa na mtoto Jeddah au Nairobi alikuja, akakaa juu ya dumu lililopinduliwa, akaisema barua yake kwenye kaseti. Bishar alitaka mtu wa kubonyeza vitufe wakati yeye anaswali au analala, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni siku nzima nikiuliza sauti inakaaje kwenye utepe. "Warya, wewe kijana," akasema mwishowe, "ingia ndani uulize ukiwa unafanya kazi." Nikalala humo dukani miezi saba, na miezi hiyo nikajua siri za mji mzima. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwanawe aliyeko ng'ambo kwamba ng'ombe amezaa, jino linauma, baba yako ameoa tena, na yote matatu aliyasema kwa sauti ile ile. Mchana tulikula anjera, mikate yetu laini ya kumimina, na mchuzi kutoka kibanda cha jirani, jioni baasto, yaani tambi, kwenye sinia moja, na Bishar alikula upesi kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigeuza kaseti.

Kwa wasiokuwepo wakati huo nieleze hii kadi. Mkenya yeyote alikuwa na kitambulisho kimoja, tulikiita kipande. Msomali wa Kenya alitakiwa awe na kipande, halafu awe na kadi nyingine ya rangi ya waridi kuthibitisha kwamba kile kipande si cha uongo. Ili kuipata ulisimama mbele ya meza, maofisa upande mmoja na mzee wa ukoo wenu upande mwingine, ukaulizwa wewe ni nani. Ukataja baba na mababu zako. Mzee akitikisa kichwa, wewe ni Mkenya. Mzee akiwa mgonjwa siku hiyo, au akiwa amegombana na ami yako juu ya kisima, wewe ni mgeni katika nchi uliyozaliwa. Na bila kadi hukuvuka daraja la Tana kwenda bara. Kwenye kibanda cha chai watu waliligeuza jambo hilo kuwa mzaha kwa sababu hawakuwa na pengine pa kuliweka. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa ngozi akisimulia: "Ananiuliza mimi nilikuja Kenya lini. Yeye mwenyewe ameletwa hapa juzi na lori la serikali!" Mwenzake akauliza, "Ukamjibu nini?" "Nikamwambia nilikuja uchi, bila mzigo, mama yangu ni shahidi." Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha mmoja akasema, "Mimi sijamwona mama yangu tangu mfungo wa Ramadhani. Yuko upande wa pili wa mto."

Ni mimi niliyesema tuyarekodi maneno yale. Nilimwambia Bishar kwamba kama mama anaweza kumpelekea mwanawe habari ya jino, kwa nini watu wasipelekeane habari hii? "Wareeg," akasema, "wewe unataka tukale ugali wa jela." Lakini siku iliyofuata alitia kaseti mpya kwenye mashine mwenyewe. Mwalimu mmoja wa kike alisema kwanza, kisha yule mfanyabiashara wa ngozi, kisha bwana harusi aliyekosa harusi yake mwenyewe kwa sababu bibi harusi alikuwa ng'ambo ya daraja. Juu ya kaseti tuliandika "Harusi ya Bura" na kuwapa madereva wa malori. Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Wenye redio mbili walinakili, wakawapa wengine, nao wakanakili. Jioni ukipita mitaani ulisikia sauti ya yule mwalimu inatoka kwenye madirisha matatu, kila moja ikiwa nyembamba kuliko nyingine kwa sababu ni nakala ya nakala. Na baada ya majuma machache kaseti zikaanza kuturudia. Upande wa kwanza ulikuwa ule wetu; upande wa pili, tuliouacha mtupu, watu tusiowajua walikuwa wamejisemea mambo yao. Mwanamke wa Banissa aliyenyang'anywa kipande na kuambiwa akaombe kingine Mogadishu, mji asiowahi kuuona. Mzee aliyetukana tu, dakika nzima, kwa ufasaha mkubwa. Mtoto aliyeomba wimbo. Bishar alikaa gizani akisikiliza, ndevu mkononi, na akasema, "Wallahi, nchi nzima imekaa kwenye dumu langu."

Dakane alikuwa mwenye mkokoteni wa punda, akibeba magunia kutoka kwenye malori mpaka madukani. Mtu mrefu, mkimya, kikoi chake safi kila siku hata kama mwili umejaa unga. Mkewe na mifugo walikuwa Hulugho karibu na mpaka. Tulimjua kwa salamu tu. Siku moja adhuhuri alimfunga punda wake mlangoni, akaingia, akakaa juu ya dumu bila kualikwa. "Nasikia hapa mtu anasema," akasema. Nikabonyeza.

Alianza kama wazee wetu wote wanavyoanza jambo zito. Mimi ni Dakane, wa Hirsi, wa Guled, wa Osman, wa Shire, akaendelea kupanda hivyo, bila haraka, majina kumi na moja, mpaka kwa babu ambaye kaburi lake liko chini ya mti mmoja unaojulikana upande wa Hulugho. Ndipo akasema. Mwanawe Sahal, miaka minne, alikuwa na homa isiyoshuka. Alimleta hospitali ya Garissa, wakamwandikia karatasi ampeleke hospitali kubwa Nairobi upesi. Kadi hakuwa nayo. Siku alipoitwa mbele ya meza, mzee wa ukoo wao alikuwa amekwenda kumzika ndugu yake. Akafika darajani na mtoto begani. "Nikamwambia kwa Kiswahili changu: afande, mtoto yangu gonjwa sana, hii hapa barua ya daktari. Akasema, barua ni ya mtoto, wewe kadi yako iko wapi? Nikampa kipande. Akasema, hicho kipande hata dukani kinauzwa. Nikamwambia, basi mimi nibaki, mchukue mtoto. Akasema yeye si yaya." Walimketisha kando, juu ya mchanga, kwenye kivuli cha kizuizi. Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka alasiri, magari yakipita. "Aliomba maji mara mbili. Mara ya tatu hakuomba." Kisha Dakane akainua mkono kuonyesha amemaliza, akatoka, akamfungua punda wake.

Bishar akarudisha utepe mpaka mwanzo. Akasema, "Pale mwanzo futa."

"Nini?"

"Majina. Yafute. Anzia kwa mtoto."

Nikakataa. Nakumbuka hata nilivyosimama, mgongo kwenye rafu, kidole juu ya kitufe kama kwamba mashine ni yangu. Nikamwambia mtu asiyejieleza kwetu hasikilizwi, watasema ni hadithi ya kutungwa, mtu wa mtaani amelipwa. Nikamwambia pia kwamba hayo majina ndiyo kesi yenyewe. Wamemwambia si wa hapa. Sasa ametaja waliomzaa mpaka kwenye kaburi lililoko ndani ya Kenya, na sisi tumfutie? Nilisema vizuri. Nilikuwa kijana aliyegundua kwamba anaweza kusema vizuri. Bishar akasugua macho. "Wareeg, kwa Mzungu jina ni jina. Kwetu majina kumi na moja ni ramani, yanampeleka mtu mpaka mlangoni." Lakini alikuwa amechoka, na mimi sikuwa nimechoka, na tukaiacha kaseti jinsi ilivyo. Jambo moja hatukulifikiria kabisa, si yeye wala mimi: kumwuliza Dakane mwenyewe.

Ilisafiri kuliko zote. Watu waliiita Kanda ya Daraja. Wanaume watu wazima waliisikiliza wamejifunika nyuso kwa vilemba. Ilifika Nairobi, ilifika ng'ambo, na siku moja lori lilileta kaseti ambayo upande wake wa pili watu kumi na tisa mmoja baada ya mwingine walikuwa wanamwombea dua Sahal. Na ilifanya kazi, hilo lazima niliseme, maana ndilo linaloniuma zaidi. Kwa majuma mawili au matatu wagonjwa walipitishwa darajani bila maneno mengi. Dakane alipopita dukani alinisalimia kwa mkono kifuani, na mimi nikajiona mtu mkubwa.

Kisha kaseti moja ilikutwa kwenye lori na ikapelekwa ofisi ya serikali. Tulisimuliwa baadaye na mfagizi wa humo. Waliiweka mezani, wakamwita karani mmoja, kijana wa kwetu, atafsiri. Hakuwa msaliti, alitafsiri tu. Alianza mwanzo wa kaseti kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa, na yalipofika majina, ofisa alimwambia ayaandike yote. Walipomaliza walikuwa na mtu mmoja tu katika mkoa mzima.

Walimchukua baada ya swala ya alasiri, mbele ya maduka. Mkokoteni uliachwa katikati ya barabara na magunia sita ya sukari juu yake, na punda alisimama pale pale. Watu walipita pembeni yake. Hakuna aliyemgusa, kana kwamba kumsogeza ni kukubali kwamba mwenyewe harudi. Bishar alifunga mlango wa mabati, tukakaa ndani tukitoa utepe kwenye kaseti na kuuchoma kwenye chetezo cha ubani, na moshi wake ulikuwa mchungu. Tulingoja waje. Siku moja, siku tatu, juma. Kila mlio wa gari Bishar alivaa viatu. Hawakuja. Ilituchukua muda kuelewa maana yake: mtu alikuwa akiulizwa kila siku ni nani aliyemrekodi, na kila siku hakusema. Angeweza kusema. Jina langu lilikuwa neno moja tu.

Dereva mmoja ndiye aliyetuletea habari. Alikuwa mpakani na bidhaa, akaona watu wanateremshwa kwenye gari la serikali na kuambiwa waende kwao. Kule ng'ambo wakati ule serikali ilikuwa imeanguka na kila njia ilikuwa na mwenye bunduki wake. "Nilimwona mrefu mmoja," dereva akasema, "kikoi cheupe. Hakwenda. Alisimama anawatajia askari babu zake. Wakamsukuma." Bishar akageukia ukuta. Akasema, bila kunitazama, "Ana mke."

Nikaondoka kesho yake na lori la unga. Safari hii nilijua ninakokwenda. Bura tulilala kwa sababu gurudumu lilipasuka, na kutoka hapo njia ni mchanga mwekundu na vichaka mpaka macho yachoke. Nilikuwa nimejitungia maneno. Niliyapanga tangu Garissa, nikayapunguza, nikayaongeza, na tulipofika Hulugho mchana wa siku ya tatu hakuna hata moja nililolikumbuka.

Nyumba ya Habiba, mke wa Dakane, ilikuwa pembeni ya mji, aqal mbili, yaani vibanda vya mikeka, ndani ya zizi la miiba. Alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, mwembamba, watoto wawili nyuma ya shuka lake. Hakuniuliza kitu. Kwetu mgeni haulizwi kabla hajanywa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikunywa. Alinipa maziwa ya ngamia kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, nikayanywa yote, nikijua kwamba nikishamweleza hatakuwa na haja ya kunipa. Nilipoweka kibuyu chini nikamwambia. Nilisema ni mimi niliyebonyeza, ni mimi niliyekataa kufuta.

"Tumeisikia," akasema.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kaseti ilikuwa imefika Hulugho kabla yangu. Bila shaka ilikuwa imefika.

"Jirani aliileta. Akasema, njoo umsikie mumeo anavyosema kama simba. Wanawake wote walikuwepo, wanamenya mahindi. Nikakaa katikati yao nasikiliza." Aliwasukuma watoto nje kwanza, akangoja watoke. "Dakane alinitumia salamu kwamba Sahal alifia kitandani. Alisema ni kitanda cha chuma, chenye shuka jeupe, na daktari alimshika mkono. Kila siku nilikuwa namwona mwanangu kwenye shuka jeupe. Umenitoa hapo, ukaniweka kwenye mchanga."

"Eeddo, shangazi, sikujua."

"Hukuuliza. Nasikia madereva wanasema wewe unauliza kila kitu."

Hakupaza sauti hata mara moja. Aliniuliza yule dereva aliona nini hasa, nikamweleza, pamoja na kusukumwa. Akataka nirudie kikoi kilikuwa rangi gani. Nikarudia. Akauliza kama alikuwa na viatu, sikujua. Kisha akasimama, akatoka, nikamfuata, na nje jua lilikuwa bado kali.

"Lori lako linarudi lini?"

"Kesho kutwa."

"Hutapanda." Alisema hivyo kama mtu anayetaja siku ya juma. "Tangu aondoke hakuna mwanamume hapa. Zizi limebomoka upande ule, fisi amekula mbuzi wanne. Ndugu zake wana mifugo yao. Utakaa hapa mpaka arudi." Akaingia kwenye aqal ndogo, ile ya ngozi na magunia ya chumvi, akasogeza vitu upande mmoja kwa mguu, akatandika mkeka mahali palipobaki. Juu ya mkeka akaweka shuka lililokunjwa. Lilikuwa la mwanamume. "Ni hapa," akasema.

Niliutazama mkeka ule. Katika maisha yangu sikuwahi kupewa mahali nisipoweza kuondoka.

"Eeddo," nikasema, "na asiporudi?"

Alikuwa ameshainama kuokota panga chini ya ukuta wa mikeka. Alilijaribu makali kwa kidole gumba, akanishikisha mpini.

"Miiba mizuri iko upande wa mashariki," akasema. "Anza sasa, fisi hawangoji jua lizame."